Kupachika mafaili kwa matabaka ndani ya keneli: anza na kufuta

Nilipokuwa naandika keneli yangu ndogo (keneli ni kiini cha mfumo endeshi), nilitaka ipachike folda mbili kwa matabaka, moja juu ya nyingine, zionekane kama folda moja. Nilianza na kusoma, na nilijuta. Kusoma ni kazi ya jioni moja: mtu akiomba faili, keneli hutazama tabaka la juu linaloandikika, ikikosa, hushuka la chini, ambalo haliguswi kamwe.

Kasheshe iko kwenye kufuta. Nilifuta faili, nikapiga `ls`, amri ya kuorodhesha mafaili, lile pale! Limefufuka. Lilikuwa kwenye tabaka la chini, nami nilikuwa nimefuta hewa tu. Dawa yake ni kuacha kaburi juu, yaani alama kwamba faili limefutwa, lenye jina lile lile. OverlayFS, mfumo wa Linux wa kupachika matabaka ya namna hii, ulioingia rasmi kwenye Linux 3.18 mwaka 2014, hutumia kama kaburi faili la kifaa cha aina ya herufi (character device) lenye namba 0/0. Keneli ikikuta kaburi, isishuke tena. Ijibu kwamba faili halipo. Kanuni hiyo hiyo itumike unapoorodhesha folda, maana pale ndipo wengi husahau.

Na mtu akifuta folda nzima, kisha akaunda nyingine kwa jina lile lile? Hiyo mpya lazima izibwe isichungulie chini, la sivyo takataka za zamani zitapanda. OverlayFS huibandika folda hiyo sifa ya ziada `trusted.overlay.opaque` yenye thamani `y`.

Sasa kuandika. Faili la chini likifunguliwa ili liandikwe, hunakiliwa lote juu kwanza, hata kama ni herufi moja inayobadilishwa. Mimi nilinakili moja kwa moja mahali pake. Umeme ukakatika katikati, na nilipowasha nikakuta nusu faili juu, limelifunika lile zima la chini. Nakili kwanza kwenye folda ya kazi, ya muda tu, sukuma data hadi diski, ndipo ulihamishe kwa `rename`. Kwa sababu hiyo folda ya kazi na tabaka la juu hukaa kwenye mfumo mmoja wa faili: `rename` haivuki kwenda mwingine.

Kabla hujaandika hata mstari mmoja, jaribu kwenye Linux yako:

`mkdir chini juu kazi pamoja`
`touch chini/barua`
`sudo mount -t overlay overlay -o lowerdir=chini,upperdir=juu,workdir=kazi pamoja`
`rm pamoja/barua`
`ls -l juu`

Ukiona mstari unaoanza na `c`, wenye `0, 0` pale ambapo ukubwa wa faili huandikwa, hilo ndilo kaburi. Barua yenyewe bado iko `chini`, salama salimini.