Kusoma Msimamo wa Softiboli ya Vyuo vya Marekani: Timu Zikilingana, Ipi Inakaa Juu?

Ifikapo mwishoni mwa Aprili, familia za Afrika Mashariki zenye mabinti wanaocheza softiboli, mchezo unaofanana na besiboli, katika vyuo vya Marekani huwa na swali moja kubwa: je, timu ya binti yetu itaingia kwenye mtoano wa konferensi, na ikiingia, itaanza kucheza siku gani? Jibu limo ndani ya msimamo, lakini mzazi aliyekulia kwenye msimamo wa Ligi Kuu, wenye pointi 3 kwa ushindi na pointi 1 kwa sare, hukuta mbele yake jedwali lisilo na safu ya pointi hata moja. Inafaa mzazi alielewe jedwali hilo mapema, kwa sababu kukata tiketi ya ndege, kuomba ruhusa kazini na kupanga safari ya bibi kutoka nyumbani kunategemea nafasi ambayo pengine itaamuliwa siku ya mwisho kabisa.

Konferensi ni kundi la vyuo vilivyokubaliana kushindana kila mwaka, na kila konferensi hujiandikia kanuni zake. Chuo hucheza mechi za aina mbili: za konferensi na za nje ya konferensi. Ndiyo maana jedwali huwa na rekodi mbili kwa kila timu, kwa mfano 14-10 ya mechi za konferensi upande mmoja na 36-18 ya mechi zote upande wa pili, ushindi ukitangulia na vipigo vikifuata. Rekodi inayopanga msimamo ni ile ya konferensi peke yake. Mechi za Februari, ambazo nyingi huchezwa kabla ya ratiba ya konferensi kuanza, zina uzito wake mahali pengine, ila hapa hazihesabiwi. Vilevile orodha ya timu 25 bora za taifa inayotolewa kila wiki haihusiani na msimamo huu; hiyo hutokana na kura.

Timu hupangwa kwa asilimia ya ushindi, inayoandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta chini ya herufi PCT. Timu iliyoshinda mechi 14 kati ya 24 huandikiwa .583. Sababu ya kutumia asilimia badala ya kuhesabu ushindi ni mvua. Mechi za konferensi kwa kawaida huchezwa kwa mfululizo wa mechi 3 mwishoni mwa wiki, na mvua ikiharibu siku moja, mara nyingi mechi hiyo hairudiwi, kwa hiyo timu moja inaweza kumaliza na mechi 24 na nyingine na mechi 22. Tuseme timu moja ina 16-8 na nyingine 15-7. Ya kwanza ina ushindi mwingi zaidi, lakini asilimia yake ni .667, ilhali ya pili ina .682 na ndiyo inayokaa juu. Safu ya GB, inayoonyesha timu iko nyuma ya kinara kwa mechi ngapi, itaandika sifuri kwa timu zote mbili, kwa kuwa moja imezidi ushindi mmoja na pia imezidi kipigo kimoja. Mzazi anayetazama GB peke yake atadhani timu hizo zimelingana, na sivyo. Mechi chache zinazoisha kwa sare huhesabiwa kama nusu ya ushindi na nusu ya kipigo.

Sasa tuje kwenye kulingana kwenyewe, yaani timu mbili au zaidi zenye asilimia ileile. Timu zikiwa mbili, konferensi nyingi huanza kwa kutazama matokeo yao wenyewe kwa wenyewe: aliyeshinda mechi 2 kati ya 3 walipokutana ndiye anayekaa juu. Mashabiki wa kandanda wanaijua njia hii kutoka Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwezi Januari 2024, Taifa Stars na Zambia zilimaliza kundi zikiwa na pointi 2 kila moja, zikatazamwa kwanza kwa mechi yao iliyoisha 1-1, na kwa kuwa haikuzitenganisha, ikaja tofauti ya mabao ya kundi zima, iliyoiweka Zambia mbele. Softiboli ya vyuo hufuata mantiki hiyo ya kushuka ngazi baada ya ngazi, ingawa ngazi zenyewe si zile.

Timu zikiwa tatu, mambo hukolea, na hapa ndipo ninapowasihi wazazi wachukue kalamu na karatasi. Tuziite A, B na C, zote zikiwa na 14-10. A iliifunga B mechi 2 kwa 1; B iliifunga C zote 3; C nayo iliifunga A mechi 2 kwa 1. Kanuni ya kawaida ni kuunda jedwali dogo la timu hizo tatu pekee. B ina ushindi 4 na vipigo 2, A ina 3-3, na C ina 2-4. Kwa hiyo B inachukua nafasi ya juu, japokuwa ilifungwa na A. Baada ya hapo konferensi nyingi huamuru timu zilizobaki zirudi mwanzo na kutazamwa kama timu mbili. A na C zikitazamwa hivyo, C inapanda kwa kuwa iliifunga A mechi 2 kati ya 3, na A, iliyokuwa ya pili kwenye jedwali dogo, inaangukia nafasi ya tatu. Konferensi nyingine hazirudi mwanzo; hupanga timu zote tatu kwa jedwali dogo hilohilo, na hapo A ingebaki ya pili. Sentensi moja tu katika kanuni inabadilisha nani anacheza na nani, nayo ndiyo sentensi ambayo wazazi wengi hawajawahi kuisoma.

Ugumu mwingine ni kwamba katika konferensi kubwa si kila timu hukutana na kila timu. Chukua SEC (Southeastern Conference), konferensi ambayo tangu Texas na Oklahoma zilipojiunga rasmi Julai 2024 ina vyuo 16. Vanderbilt haina timu ya softiboli, kwa hiyo zinabaki timu 15. Kila timu hucheza mifululizo 8 ya mechi 3, jumla mechi 24, ikiwa na wapinzani 14 wanaowezekana; maana yake wapinzani 6 haikutani nao kabisa katika ratiba ya kawaida. Timu mbili ambazo hazikukutana zikilingana, ngazi ya kwanza haina kazi. Kinachofuata katika konferensi nyingi ni kulinganisha matokeo ya kila moja dhidi ya timu iliyo juu kabisa ya msimamo, kisha iliyo ya pili, na kuendelea kushuka mpaka tofauti ionekane. Ndiyo sababu ushindi mmoja dhidi ya kinara, uliopatikana mwezi Machi wakati hakuna aliyekuwa akiwaza msimamo, unaweza kuiokoa timu mwezi Mei.

Ngazi za mwisho hutofautiana zaidi. Baadhi ya konferensi hutazama tofauti ya mikimbio, ambayo ndiyo mabao ya mchezo huu. Nyingine hutumia kipimo cha RPI, ambacho robo yake ni asilimia ya ushindi ya timu yenyewe, nusu ni ya wapinzani wake, na robo iliyobaki ni ya wapinzani wa wapinzani hao. Yote yakishindikana, hurushwa sarafu au huchezeshwa droo.

Watu huzungumzia sana kulingana kwa timu za juu, lakini kwa maoni yangu huko madhara ni madogo. Katika konferensi nyingi, timu mbili zikilingana kileleni zote hutangazwa mabingwa wa msimu, na kanuni za kuzitenganisha hutumika tu kupanga nafasi za mtoano. Mahali pa kuangalia kwa makini ni pale mstari unapokatwa. Konferensi nyingi huchukua timu 6 au 8 tu, na timu iliyolingana na ya mwisho kuingia, kisha ikashindwa kwa ngazi ya tatu ya kanuni, hurudi nyumbani, na kwa binti aliye mwaka wa nne huo huwa ndio mwisho wa kucheza chuoni. Waliovuka nao hawaanzi sawa: timu za juu mara nyingi huruka raundi ya kwanza bila kucheza, na katika konferensi ndogo kinara anaweza kupewa uenyeji. Bingwa wa mtoano kwa kawaida hupata tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa, yanayochukua timu 64 za Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo, na kumalizikia Oklahoma City.

Kwa hiyo, wiki mbili kabla ya msimu wa kawaida kwisha, tafuta kwenye tovuti ya konferensi hati ya kanuni za softiboli, usome sehemu ya kutenganisha timu, na uhakikishe ni ya mwaka huu, maana vyuo vikihama au kuongezeka kanuni huandikwa upya. Usitegemee mpangilio unaouona mtandaoni katikati ya msimu. Mara nyingi timu zilizolingana hupangwa hapo kwa alfabeti au kwa rekodi ya jumla, si kwa kanuni. Andika matokeo ya timu ya binti yako dhidi ya kila jirani yake kwenye msimamo, utajua mapema ni ushindi gani unaohitajika. Tiketi ya ndege nunua ile inayobadilishika, au subiri hadi ratiba itangazwe, kwa kawaida jioni ileile ya mechi za mwisho.

Wa nyumbani nao wapewe saa iliyo sahihi. Mwezi Mei, mechi inayoanza saa 12 jioni kwa saa za Dallas au Minneapolis huwa saa 8 usiku Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, saa 7 usiku Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, na saa 9 usiku Muscat. Inapochezwa katika majimbo ya pwani ya mashariki ya Marekani, punguza saa moja kwa kila mji.