Somo: Mgonjwa anatapika damu? Shika bandama kabla ya omeprazo

Nawaandikia matabibu wenzangu wa vituo vya afya vya Kanda ya Ziwa.

Hatua ya 1. Mlaze ubavu, weka kanula mbili nene, pima presha na mapigo, chukua damu ya kupima Hb (wingi wa damu) na kundi. Mapigo yakiwa 120 na presha ya juu (namba ya kwanza) 85, usikae kuhesabu alama: anza dripu, itisha gari. Kwa wengi damu huongezwa Hb ikishuka chini ya 7. Ukimjaza kupita hapo, mishipa ya umio inaweza kufumka upya.

Hatua ya 2. Akitulia, hesabu alama za Glasgow-Blatchford, zinazopima hatari ya mgonjwa anayevuja damu tumboni. Nazipenda kwa kuwa hazingoji endoskopi (kamera ya kuangalia tumboni): yurea, Hb na presha ya juu vina alama zake kwenye jedwali, mapigo kuanzia 100 ni 1, choo cheusi kama lami 1, kuzimia 2, ugonjwa wa ini 2, moyo kushindwa 2. Jumla ikiwa 0 au 1, anaweza kutibiwa akitokea nyumbani. Ikizidi, rufaa, endoskopi ifanyike ndani ya saa 24.

Hatua ya 3, ndiyo tunayoiruka. Kijana mvuvi, hanywi pombe, macho meupe, katapika beseni zima. Wote tukasema vidonda vya tumbo. Nilipompapasa, bandama ilikuwa imefika kitovuni. Kichocho hicho: kimebana njia ya damu ndani ya ini, bandama ikavimba, mishipa ya umio ikatuna, na damu inatoka humo. Huyu anahitaji oktriotaidi, dawa ya kupunguza presha ya mishipa hiyo: mikrogramu 50 kwa mkupuo, kisha 50 kila saa. Omeprazo ya sindano, ya kupunguza asidi, miligramu 80, ni ya yule mzee mwenye vidonda vya tumbo kwa kumeza diklofenaki kila siku kwa magoti.

MASWALI

Daktari, traneksamiki, ile dawa ya kukata damu, je? Wodi ya wazazi tunaitumia.
Huku hapana. Utafiti wa HALT-IT wa 2020, wagonjwa 12,009: vifo havikupungua, na damu kuganda mishipani kuliongezeka.

Oktriotaidi hatuna kabisa.
Najua. Kama ini limeharibika, antibiotiki ya seftriaksoni gramu 1 kwa siku mnayo, ianzeni kabla gari halijaondoka.

Propranolo, ya kuzuia mishipa isivuje tena, nimpe palepale?
La! Anavuja, presha iko chini, nawe unamshushia mapigo? Ngoja damu ikate na presha isimame. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, nayo atapewa akishatulia, miligramu 40 kwa kilo.