Kuongeza Jengo Jipya kwenye Maktaba ya Kale: Anza na Toroli

Weka kalamu chini kwanza. Muombe mkutubi toroli lililojaa vitabu, ulisukume mwenyewe kutoka dirisha la kurudishia hadi rafu ya mwisho, na uandike kila kizingiti unachogonga. Katika kazi yangu ya kwanza niliamini ramani za zamani, kumbe sakafu ilikuwa juu kwa sentimita 40 kuliko ilivyochorwa. Kwa mteremko wa 1 kwa 12 (kupanda sentimita 1 kwa kila 12 za urefu), hizo ni karibu mita 5 za njia ya toroli, na zilimeza kona ya watoto. Pima levo mwenyewe, chumba kwa chumba.

Halafu uzito. Kanuni za Marekani hukadiria kilo 730 hivi kwa mita ya mraba kwenye chumba cha rafu, na chini ya 300 kwenye chumba cha kusomea. Ndiyo maana rafu nzito nazishusha chini kabisa kwenye jengo jipya, na ukumbi wa kale nawaachia wasomaji.

Sakafu mpya isiegemee ukuta wa zamani hata kidogo. Jengo jipya litatitia. La zamani lilikwishatulia. Ukiyafunga pamoja, ufa utakuonyesha. Jipya lipate nguzo na msingi wake, na katikati uache mwanya. Mimi huufunika kwa ushoroba mwembamba wa kioo, paa lake likimwaga maji mbali na ukuta wa kale (hapa ndipo panapovuja, siku zote). Ukiziba viungo vya mawe laini tumia chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani.

Kuhusu sura, Hati ya Venice ya 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, inataka nyongeza itofautike na ibebe alama ya wakati wake. Boston, Marekani, msanifu Philip Johnson mwaka 1972 aliongeza jengo kwenye maktaba ya 1895, akafuata rangi ya mawe na kimo cha paa vya lile la kale. Hilo nalipenda. Lakini upande wa mtaani jengo lake lilijifungia, na ukarabati uliokamilika 2016 ukalazimika kufungua upande huo.

Mlango je? Kama ngazi za kale haziwezi kupata njia ya kiti cha magurudumu, hamishia lango la watu wote kwenye ule ushoroba. Mlango wa uani wa walemavu peke yao siuchori.