Somo: Kusomea usanifu majengo kwa kuanzia komyuniti koleji, California

Somo hili ni la ndugu zetu walioko California wanaotaka kuwa wasanifu majengo, lakini wakiona ada za vyuo vikuu binafsi wanazima simu. Hawana kosa: USC, kwa mfano, ada peke yake imepita dola 60,000 kwa mwaka. Komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, inamtoza mkazi wa jimbo dola 46 kwa yuniti (kipimo cha ukubwa wa somo). Yuniti 60 za miaka miwili ni dola 2,760, na mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa hata hizo.

Kwa hiyo bei si tatizo. Kinachowakwamisha watu ni hiki, na nitakirudia mpaka mnichoke: yuniti ndizo zinazokuingiza chuo kikuu, lakini mwaka wa studio (darasa la kubuni majengo kwa vitendo) utakaopangiwa mara nyingi huamuliwa na potifolio yako, yaani mkusanyo wa kazi zako. Mtu anamaliza miaka miwili na alama nzuri, anapokelewa kwenye shahada ya miaka mitano, halafu anaambiwa aanze studio ya mwaka wa kwanza. Studio hazirukwi; ya tatu haifunguki mpaka umalize ya pili. Miaka mitano inakuwa saba hivi hivi.

Hatua ya 1: Jua shahada unayoiendea

Komyuniti koleji haikufanyi msanifu majengo. Inakupa shahada ya awali ya miaka miwili, au cheti cha uchoraji wa ramani ambacho kinaweza kukupatia kazi ya kuchora ofisini. Shahada ya taaluma yenyewe hupewa ithibati na NAAB, bodi ya Marekani ya ithibati ya usanifu majengo, na NAAB inathibitisha aina tatu tu: B.Arch (shahada ya kwanza), M.Arch (uzamili) na D.Arch (uzamivu). Kwa vyuo vya umma vya California, B.Arch ya miaka mitano iko Cal Poly San Luis Obispo na Cal Poly Pomona. UC Berkeley ni chuo kizuri sana, ila shahada yake ya kwanza ya usanifu ni ya miaka minne na haina ithibati hiyo; utahitaji M.Arch baadaye. Si vibaya, mradi ulijua tangu mwanzo.

California yenyewe haikulazimishi kuwa na shahada ya NAAB ili upate leseni. Bodi ya jimbo inahesabu miaka 8 ya masomo na kazi kwa pamoja, na kazi inaweza kufidia masomo. Njia hii ni halali kabisa. Ubaya wake unaonekana siku unapotaka kuhamia jimbo jingine, maana mengi yanadai NAAB.

Hatua ya 2: Chagua koleji kwa kuanzia mwisho

Usichague kwa kuwa iko karibu na kituo cha basi. Ingia tovuti ya ASSIST, ambayo ndiyo rasmi kwa makubaliano ya kuhamisha masomo California. Andika koleji unayoifikiria, kisha chuo unachokilenga, kisha Architecture. Utaona somo gani linakubaliwa badala ya lipi. Ukiona mbele ya studio pameandikwa kwamba hakuna somo linalolingana, hiyo studio utairudia.

Koleji zenye masomo ya usanifu ni nyingi: East Los Angeles College, Pasadena City College, Orange Coast College, City College of San Francisco, Diablo Valley College, Cosumnes River College huko Sacramento, San Diego Mesa College. Nenda ukaone chumba chao cha studio kabla ya kujiandikisha. Na ukitaka ushauri, mtafute mwalimu wa usanifu mwenyewe. Mshauri wa masomo anashughulikia fani zote, na mara nyingi atakutangulizia masomo ya jumla ya Cal-GETC, yaani yale ya lazima kwa anayehamia chuo kikuu cha umma. Kwa fani hii ningetanguliza studio, hisabati na fizikia.

Kuhusu ukazi: unahitaji kuwa umeishi jimboni mwaka mmoja na siku moja kabla muhula haujaanza. Aliyesoma sekondari miaka mitatu California aulizie AB 540, sheria inayoweza kumwezesha kulipa ada ya mkazi.

Hatua ya 3: Panga masomo

Studio ianze muhula wa kwanza. Ukiichelewesha ili "umalize kwanza Kiingereza", umejiongezea mwaka. Trigonometria nayo iwe mapema, kwa sababu fizikia na kalkulasi zinaisubiri.

Historia ya usanifu huwa masomo mawili, yenye kusoma na kuandika kwingi. Ukipewa uhuru wa kuchagua mada ya insha, andika kuhusu Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani: kasri la karne ya 14 la matumbawe na chokaa, lenye bwawa la pembe nane linalotazama bahari. Mwalimu aliyesoma Parthenon, lile hekalu la kale la Ugiriki, mpaka akachoka atakushukuru.

Hatua ya 4: Zoea skeli na mkono wako

Aliyesoma uchoraji nyumbani amezoea 1:50 na 1:100. Huku ni inchi na futi. Robo inchi kwa futi ni 1:48, na thumuni ya inchi kwa futi ni 1:96, kwa hiyo jicho lako halijapotea sana. Nunua rula ya pembetatu ya skeli, kisu cha X-Acto na mkeka wa kukatia, basi. Modeli za mwanzo, yaani mifano midogo ya majengo, zitengeneze kwa kadibodi. Programu za kuchorea za Revit na AutoCAD, kampuni ya Autodesk inawapa wanafunzi bure, hivyo usimlipe mtu akuuzie.

Lakini chora kwa mkono kila siku. Paul R. Williams, msanifu aliyekuwa mwanachama wa kwanza mweusi wa AIA, chama cha wasanifu majengo cha Marekani, mwaka 1923, alijizoeza kuchora juu chini ili mteja mzungu asiyetaka kukaa ubavuni mwake aione nyumba ikichorwa kutoka upande wa pili wa meza. Hilo lilikuwa hapa hapa Los Angeles.

Kisha kuna jopo. Unabandika kazi ukutani, walimu na wageni wanaichambua mbele ya darasa zima. Sisi tuliolelewa kutobishana na mkubwa tunaumia hapa: mtu anaulizwa kwa nini ngazi iko kaskazini, anainamisha kichwa kwa heshima, na jopo linaandika kwamba hakuwa na sababu. Kujibu si utovu wa adabu. Andaa sentensi tatu: eneo linataka nini, wewe umeamua nini, na umeacha nini.

Hatua ya 5: Potifolio

Piga picha kila modeli siku ile ile ilipokwisha, kwa mwanga wa dirisha, nyuma pakiwa peupe. Modeli za kadibodi huvunjika kwenye basi. Skani michoro yote, hata ile ya kwanza iliyojaa kufutwafutwa; wanaochagua wanataka kuona wazo lilivyobadilika. Ukurasa wa michoro minne ya mkono inayotoka kwenye wazo bovu kwenda kwenye zuri unazidi picha kumi za kung'aa za Revit ambazo kila mtu anazo.

Usijaze. Kazi tano zilizoelezwa vizuri zinatosha. Kazi ya kikundi, sema wazi ni sehemu gani uliyofanya wewe. Ukishapokelewa, uliza kwa barua pepe: je, potifolio yangu inapitiwa lini ili nipangiwe mwaka wa studio? Vyuo vingine hupokea maombi ya kuhamia Oktoba na Novemba, na potifolio baadaye kwa tarehe yake. Wengi wanapitwa na tarehe hiyo ya pili.

Hatua ya 6: Anza kuhesabu saa

Leseni inadai saa 3,740 za AXP (mafunzo ya kazini) kupitia NCARB, baraza la bodi za usajili wa wasanifu majengo Marekani, kisha mitihani sita ya leseni iitwayo ARE, na California inaongeza mtihani wake. Saa hizo zinaweza kuanza kuhesabiwa ukishamaliza sekondari tu. Kazi ya likizo kwa msanifu mwenye leseni, iandikishe mara moja.

MASWALI

*Shikamoo. Niko Tabora, nimemaliza kidato cha sita. Naweza kuja kwa njia hii?*

Marahaba. Koleji nyingi zinatoa I-20, fomu ya kuombea viza, kwa hiyo viza ya mwanafunzi ya F-1 inawezekana. Ila zile dola 46 hazikuhusu. Asiye mkazi analipa zaidi ya dola 300 kwa yuniti, na lazima usome angalau yuniti 12 kwa muhula. Bado chakula na pango, na ruhusa ya kazi ni saa 20 kwa wiki ndani ya koleji. Kama huna mfadhili, mimi ningeomba Chuo Kikuu Ardhi kwanza, na Marekani niifikirie kwa M.Arch.

*Jambo ndugu. Niko mama wa watoto watatu hapa San Diego, nilikuja kama mukimbizi kutoka Bukavu. Natumika usiku. Studio nitaiweza?*

Mama, utaiweza ukichukua studio moja kwa muhula, na somo moja jepesi pembeni. Panga miaka mitatu au zaidi badala ya miwili. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, unaweza kujaza kwa hadhi yako ya ukimbizi, na ruzuku ya Pell Grant hulipwa hata kwa anayesoma nusu muda, ila kwa kiwango kidogo. Ulizia studio ya jioni Mesa, kisha ongea na msimamizi wako wa kazi kabla ya kujiandikisha. Kinachokula muda ni modeli za nyumbani, si saa za darasani.

*Mkuu, nimechora ramani Mombasa miaka mingi na nina diploma ya ujenzi. Kwa nini nirudi kukata kadibodi?*

Diploma ipeleke kwanza kwa shirika lililo chini ya NACES, umoja wa mashirika yanayotathmini vyeti vya nje, likaitathmini. Huenda hisabati na masomo ya jumla yakakubaliwa. Studio sitarajii. Michoro yako ya utekelezaji inaonyesha unajua jengo linavyosimama, wakati jopo linataka kuona unavyofikiri kabla ya jengo kuwepo. Weka kwenye potifolio ukurasa mmoja wa ulichojenga, wenye picha za saiti. Wenzako wa miaka 19 hawana ukurasa huo.

*Hisabati yangu ni mbovu. Niache?*

Usiache. Anza na kiwango chako, tumia vyumba vya wakufunzi wa bure vya koleji. Wanaoshindwa studio kwa sababu ya hisabati ni wachache; kwa kukosa usingizi ni wengi.

*Nikimaliza nikarudi nyumbani, nitasajiliwa?*

Kwa shahada ya miaka miwili, hapana. Tanzania utakwenda kwa AQRB, Kenya kwa BORAQS, ambazo ndizo bodi za kusajili wasanifu majengo, nao wataangalia shahada ya taaluma, kazi uliyofanya chini ya msanifu aliyesajiliwa, na mitihani yao. Tanzania shahada ya nje hupitia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa utambuzi. Tunza silabasi ya kila studio, ya koleji na ya chuo kikuu, yenye saa na yuniti, tangu muhula wa kwanza. Kuitafuta miaka kumi baadaye, mwalimu ameshastaafu, ni kazi.