Gramu 62: jinsi ya kumpigania ndugu aliyefungwa kwa sheria ya kraki Marekani

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikamatwa hapa Ohio mwaka 2006 akiwa na gramu 62 za kraki. Huo ni uzito wa yai moja kubwa la kuku. Kwa kuwa alikuwa na kosa la zamani la dawa za kulevya, mwaka 2007 jaji wa shirikisho alimpa miaka 20, akasema waziwazi kwamba sheria haimruhusu kutoa pungufu. Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Nilidhani Kiingereza kimenipita, nikamgeukia mume wangu anithibitishie ile namba. Hakuweza kuitamka.

Kraki ni kokeini ileile ya unga, iliyopikwa kwa maji na magadi mpaka ikaganda. Lakini mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba gramu 5 za kraki zinatosha kumfunga mtu miaka mitano isiyopungua, wakati mwenye unga hafikii miaka hiyo mpaka apatikane na gramu 500. Mia kwa moja. Shemeji angekamatwa na gramu 62 za unga, kifungo cha chini cha lazima kisingemhusu kabisa. Na waliojazwa magerezani kwa sheria hiyo wengi wao walikuwa Weusi. Sheria ya tarehe 3 Agosti 2010 ilipunguza pengo likawa 18 kwa 1: gramu 28 kwa miaka mitano, gramu 280 kwa miaka kumi. Hapo ndipo tulipo hadi leo.

Naandika kwa ajili ya Waswahili wa huku wenye mtoto, mume au shemeji aliye ndani, ambao wanatuma pesa kwa mawakili kabla ya kusoma karatasi zao wenyewe. Anza na karatasi.

Kwanza hakikisha ni kesi ya shirikisho. Kama aliyemhukumu ni mahakama ya jimbo, haya yote hayamhusu. Mfungwa wa shirikisho ana namba ya tarakimu nane, tano kisha kistari kisha tatu, na ukiiandika kwenye tovuti ya Idara ya Magereza ya Shirikisho utaona yuko gereza gani na anatarajiwa kutoka lini.

Kisha tafuta hati ya hukumu. Ni kurasa chache tu, na unaweza kuipata kwenye mfumo wa intaneti wa mahakama uitwao PACER kwa senti 10 kwa ukurasa; ukitumia dola 30 au pungufu ndani ya miezi mitatu, hulipi chochote. Angalia vitu viwili. Cha kwanza ni tarehe ya kosa. Sheria iitwayo First Step Act, iliyotiwa saini Desemba 2018, iliwafungulia mlango wa kuomba kupunguziwa kifungo waliotenda kosa kabla ya tarehe 3 Agosti 2010 na kuhukumiwa kwa vipimo vya zamani. Cha pili ni herufi iliyo mwishoni mwa kifungu cha 841(b)(1) cha sheria ya dawa za kulevya. Ikiwa A au B, mlango upo. Ikiwa C, mlango umefungwa: Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2021, katika kesi ya Terry, kwamba waliokamatwa na kiasi kidogo, ambao hawakuwa na kifungo cha chini cha lazima, hawaguswi na sheria ile. Mwenye gramu nyingi anasikilizwa, mwenye chache hasikilizwi. Inaniuma kila ninapoieleza, lakini ni bora ujue mapema.

Shemeji alikuwa A. Kwa vipimo vya 2010, gramu 62 zilimshusha hadi B, na kwa kuwa kosa lake la zamani lilizidisha miaka mara mbili, kifungo chake cha chini kikashuka kutoka miaka 20 hadi 10.

Sasa ripoti ya kabla ya hukumu, ile iliyoandikwa na afisa wa mahakama ikieleza gramu, makosa ya nyuma, familia na afya yake. Utaihitaji, lakini nakusihi: usimtumie gerezani kwa posta. Wafungwa wa shirikisho hawaruhusiwi kukaa nayo, kwa sababu wengine huwalazimisha wenzao kuionyesha ili wajue nani alitoa siri. Mfungwa anaweza kuomba kuisoma mbele ya afisa anayesimamia faili lake. Nakala ya kufanyia kazi aitafute wakili.

Kuhusu wakili, usirudie kosa letu. Tulimlipa mmoja dola 3,000 atuandikie ombi, na miezi saba baadaye hakuwa amewasilisha hata ukurasa mmoja. Piga simu ofisi ya mawakili wa utetezi wa shirikisho wa wilaya aliyohukumiwa ndugu yako, siyo wilaya ya gereza lake. Hawatozi pesa. Mahakama nyingi ziliwateua hao hao kupitia majina ya wanaostahili baada ya sheria ya 2018. Wape jina, namba ya kesi na hati ya hukumu. Na mahakama haitozi ada kwa ombi la namna hii.

Jua pia kwamba jaji halazimiki kupunguza, hata kama ndugu yako anastahili. Na ombi likishakataliwa baada ya kuchunguzwa kwa kina, huwezi kulileta tena kwa sheria ileile. Kwa hiyo usiwasilishe haraka haraka kwa mkono mtupu. Mwaka 2022, katika kesi ya Concepcion, Mahakama Kuu ilisema jaji anaweza kutazama mabadiliko yote yaliyotokea tangu hukumu, ya sheria na ya mtu mwenyewe. Hapo ndipo familia ina kazi ya kufanya. Sisi tulikusanya vyeti vyake vyote vya masomo ya gerezani na barua nne. Barua ya mama mkwe ilisema tu "mwanangu ni mtu mwema". Wakili wa ofisi ya utetezi aliirudisha. Akamwambia: Mama, andika atalala chumba kipi, nani atampeleka kazini, dawa zake za presha utazichukua wapi. Mama akaandika upya kwa mkono, kurasa mbili, akaeleza hadi basi gani linapita mbele ya nyumba. Septemba 2019 jaji alipunguza kifungo kuwa muda aliokwisha kukaa, na kwenye uamuzi wake akaitaja barua ile.

Mkikosa mlango huu, kuna mingine: kupunguziwa pale miongozo ya hukumu inapobadilishwa na kufanywa irudi nyuma, kama ya dawa za kulevya mwaka 2014, kuombewa huruma kwa ugonjwa mzito au sababu nyingine kubwa, ambapo humwandikia kwanza mkuu wa gereza na kusubiri siku 30, au kumwomba Rais apunguze adhabu. Kwa asiye raia, kupunguziwa miaka hakufuti kosa, hivyo zungumza na wakili wa uhamiaji kabla hajatoka.

Halafu kuna sheria yenyewe. Septemba 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa EQUAL Act, wa kufanya kraki na unga vipimwe sawa, kwa kura 361 dhidi ya 66. Wa vyama vyote viwili walikubali. Seneti haikuupigia kura, muda wa Bunge lile ukaisha Januari 2023, na muswada ukafa nao.

Piga 202-224-3121, uombe ofisi ya seneta wa jimbo lako. Si lazima uwe raia. Watakuuliza namba yako ya posta tu. Sema unataka kipimo kiwe 1 kwa 1, simulia kisa chako kwa dakika moja, andika jina la aliyepokea, na upige tena baada ya wiki mbili. Na usikate simu kabla ya kuuliza kama seneta anakubali sheria mpya iwahusu pia waliokwisha kuhukumiwa. Sheria ya 2010 haikuwahusu. Shemeji aliisoma kwenye gazeti la gerezani, akakaa miaka tisa zaidi.