Kumtafuta babu aliyepigana Bama (Burma, sasa Myanmar) katika Vita ya Pili na hakurudi

Anza na chuma, si kompyuta. Medali ya Vita Kuu ya Kwanza ya Uingereza huwa na namba na jina la askari ukingoni. Ipindue juani uzisome. Nyota za Vita ya Pili, yaani medali zenye umbo la nyota, ile ya Bama ikiwamo, kwa kawaida hazina jina, kwa hiyo usizisugue bure.

Kisha ingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kutafuta ni bure. Andika jina moja tu, halafu chuja kwa kikosi: King's African Rifles, yaani keya, jeshi la kikoloni la Uingereza la Afrika Mashariki.

Wengi hukwamia kwenye tahajia. Karani aliandika alichosikia: Kilonzo aweza kuwa Kironzo, Juma akawa Jumah. Jaribu L na R, ondoa H, geuza jina la baba liwe la ukoo.

Asiye na kaburi huandikwa ukutani. Waliopotelea Bama watafute kwenye Rangoon Memorial, mnara ulioko makaburi ya vita ya Taukkyan, hukohuko Bama. Wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na kupigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, wamo kwenye mnara wa makaburi ya vita Nairobi.

Orodha ya Tume kwa Vita ya Pili ni ya waliokufa hadi 31 Desemba 1947 pekee. Na kama babu alikuwa mpagazi wa 1914–1918, wale wa Carrier Corps (kikosi cha wapagazi) waliotuachia jina Kariakoo, usitegemee sana: wengi wao hawakuandikwa majina.