Daftari la msomaji: namna ya kusoma na kuandika hadi faida ibaki kwako

Wengi wetu tunamaliza kitabu, tunakisifu kwa wiki moja, na baada ya miezi miwili kilichobaki kichwani ni jina lake na kumbukumbu kwamba kilikuwa kizuri. Si kwa sababu ya akili nzito. Kilichosomwa bila kuandikwa hakina pa kushika. Na anayetaka kuandika bila kusoma huishiwa maneno mapema, akaanza kujirudia. Faida zinazotajwa kila siku, yaani msamiati mpana, kumbukumbu, utulivu na uwezo wa kujua wewe mwenyewe unafikiri nini, humfikia yule anayefanya kazi zote mbili pamoja. Hapa tunaeleza jinsi ya kuziunganisha katika daftari moja, kwa muda wa dakika arobaini hadi saa moja kwa siku.

Muda huo unatosha. Shaaban Robert aliandika akiwa mtumishi wa serikali, na miaka yake ya mwanzo kazini, tangu 1926, aliipitisha idara ya forodha. Abdilatif Abdalla aliandika mashairi yake gerezani Kenya kati ya 1969 na 1972, kwenye karatasi za chooni. Kinachokosekana mara nyingi ni utaratibu.

Daftari lenyewe

Nunua kauntabuku ya kwaya mbili, yenye kurasa 192. Ya kwaya tatu ina kurasa 288 na hudumu zaidi, lakini ni nzito mkobani, na daftari linaloachwa nyumbani halijazwi. Usichukue la waya: kurasa zake huchomoka. Tumia peni ya kawaida, kwa kuwa wino wake una mafuta na hautawanyiki chai ikimwagika. Wino wa jeli huenea mara moja ukapoteza ukurasa mzima. Kwa alama ndani ya kitabu chako tumia penseli ya HB, ukigusa kwa wepesi. Ya 2B ni laini mno, hupaka weusi ukurasa unaoitazama. Kitabu kikiwa cha maktaba usikiwekee alama yoyote. Kata vipande vya karatasi vya sentimita 2 kwa 8 uvichomeke kwenye kurasa unazozitaka.

Kabla ya kuandika chochote, tia namba kurasa zote kwa mkono, kwenye pembe ya juu ya nje. Ni kazi ya robo saa inayochosha, na wengi huiruka. Ukiiruka, hatua inayofuata haifanyi kazi.

Faharasa ya herufi na irabu

Mwaka 1686 mwanafalsafa Mwingereza John Locke alichapisha, kwa Kifaransa, njia yake ya kupanga daftari la nukuu. Kila nukuu ilipewa neno moja la mada, kisha neno hilo likaingizwa kwenye faharasa kwa kufuata herufi yake ya kwanza na irabu ya kwanza inayoifuata. Hakuna haja ya kugawa daftari kwa mada mapema, maana mwanzoni hujui utapenda kukusanya nini. Unaandika mfululizo, faharasa inakuonyesha pa kwenda.

Njia hiyo inakaa vizuri mno kwenye Kiswahili. Tenga kurasa nne za mwanzo. Kila ukurasa upige mistari 30, jumla 120: herufi 24 za Kiswahili (Ch ikihesabiwa moja), kila herufi ikiwa na mistari mitano ya a, e, i, o, u. Ukinakili jambo la subira ukurasa wa 37, nenda mstari wa S-u uandike 37. Njaa inaingia N-a. Elimu ni E-i, kwa kuwa irabu inayoifuata herufi ya kwanza ni i.

Kuna tatizo moja ambalo Locke hakuwa nalo. Uhuru, umoja, upendo, ukoloni, umaskini, uzee: ukifuata herufi ya kwanza bila kufikiri, nusu ya mawazo yako makubwa yatasongamana kwenye U. Basi ondoa kiambishi cha ngeli pale ambapo shina linalobaki linatambulika. Uhuru unakwenda H-u, upendo P-e, ukoloni K-o, umaskini M-a. Lakini moyo ubaki M-o, kwa kuwa “oyo” peke yake hakuna atakayeikumbuka. Ukishaamua neno linakaa wapi, usilihamishe.

Kusoma

Lenga kurasa 20 kwa siku. Kwa mwezi ni kurasa 600, sawa na riwaya tatu za kurasa 200. Ukishindwa 20 soma 10, ila usilimbikize deni la jana: anayejaribu kulipa kurasa 80 Jumapili husoma macho tu.

Wakati wa kusoma usiandike kwenye daftari. Weka nukta ndogo ya penseli pambizoni mwa sentensi iliyokugusa, uendelee. Ukinakili papo hapo, kila sentensi nzuri itaonekana inastahili, mkono utachoka na mtiririko wa kitabu utakatika. Sura ikiisha, rudi kwenye nukta zako uchague tatu tu. Nukta nyingine utaona zilikuwa joto la wakati ule. Kuchagua huku ndiko kunakojenga ladha ya msomaji, nayo haijengeki kwa kupiga mstari chini ya kila kitu.

Kitabu kisichokushika kifikishe ukurasa wa 50. Kama bado hakina kitu, kiache, na uandike sentensi mbili kwenye daftari za kueleza kwa nini. Sentensi hizo mbili mara nyingi hukufundisha zaidi kuhusu unachokitafuta kuliko kitabu ulichokipenda.

Muhtasari wa kitabu kilichofungwa

Hii ndiyo hatua yenye malipo makubwa kuliko zote, na ndiyo watu huikwepa. Ukimaliza sura, funga kitabu. Andika sentensi tano hadi saba za kueleza kilichosemwa au kilichotokea, bila kuchungulia. Utakwama. Acha nafasi wazi pale ulipokwama, maliza, kisha fungua kitabu ujaze kwa peni ya rangi nyingine.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa chuo kikuu kimoja cha St. Louis, Marekani, walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu mara ya pili na wale waliojaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojikumbusha waliwapita. Kurudia kusoma kunakupa hisia kwamba unajua. Kujilazimisha kukumbuka ndiko kunakokufanya ujue. Kwa hiyo ule ugumu unaousikia ukiwa umeshika peni na kitabu kimefungwa, usiukimbie.

Gawa ukurasa kwa mstari wa wima, sentimita 6 kutoka kushoto. Kushoto weka namba ya ukurasa na neno la mada, kulia nukuu, na chini yake maneno yako mwenyewe yakianza na alama moja usiyoibadilisha, tuseme kistari. Usipotenganisha ya mwandishi na ya kwako, baada ya mwaka utajikuta unadai sentensi ya mtu mwingine ni yako, na kwa nia safi kabisa.

Maneno mapya

Yasizidi matano kwa sura. Kila neno liandike pamoja na sentensi ulimolikuta, maana yake, na sentensi uliyoitunga wewe. Katika kamusi, kitenzi kitafute kwa kukivua viambishi: “waliotelekezwa” hulipati kwenye W, nenda kwenye “telekeza”. Neno lisiloingia kwenye sentensi yako mwenyewe siku hiyo litapotea, hata uliandike kwa wino mwekundu.

Kunakili na kugeuza

Mara moja kwa wiki chagua aya ya maneno 120 hadi 150 ya mwandishi unayemheshimu. Soma hadi nukta, inua macho, andika sentensi nzima kwa kumbukumbu, kisha linganisha. Ulipokosea ndipo penye somo: wewe uliweka kitenzi cha kawaida, yeye aliweka kinachopiga, wewe uliunganisha kwa “ambapo” mara tatu, yeye alikata sentensi.

Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani, akiwa kijana wa kiwanda cha uchapaji huko Boston, alijifunza kuandika kwa njia ya jamaa na hii. Alichukua makala za gazeti moja la London, akaandika vidokezo vya kila sentensi, akaziweka kando siku kadhaa, kisha akajaribu kuziandika upya na kulinganisha. Aligeuza pia hadithi kuwa mashairi, na baada ya kusahau zilivyokuwa, akazirudisha kuwa nathari, yaani maandishi ya kawaida yasiyo shairi. Sisi tuna chombo kizuri zaidi kwa zoezi hilo: shairi lenye mizani (silabi) 16 kila mstari, nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mstari, na nane za utao, nusu ya pili.

Chukua sentensi hii: “Babu alikaa barazani akisubiri gari la jioni, lakini halikuja.” Jaribio la kwanza la kawaida huwa “Babu alikaa barazani”. Hesabu: ba-bu-a-li-ka-a-ba-ra-za-ni, mizani kumi, mbili zimezidi. Kilichozidi ni kitenzi. “Babu yuko barazani” ni nane kamili. Endelea hadi upate:

Babu yuko barazani, gari angoja jioni,
Jua limeshuka chini, gari halimo njiani.

Tazama kilichotokea. “Akisubiri” imekuwa “angoja”. “Lakini” imeondoka na hakuna aliyeikosa, kwa sababu jua lililoshuka limefanya kazi yake. Sasa rudisha mistari hii kuwa nathari bila kutazama sentensi ya mwanzo. Karibu kila mara nathari ya pili ni fupi na ina picha ambayo ya kwanza haikuwa nayo. Angalizo la kuhesabu: m ya “mtoto” ni mizani kamili (m-to-to, tatu), vilevile n ya “nchi”, lakini nd ya “ndoto” haijitengi (ndo-to, mbili). Hapo ndipo wanaoanza huharibu mistari.

Ukimaliza, soma kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi itamkata pumzi na msomaji.

Kuandika ya moyoni

Kurasa za mwisho za daftari, ukianzia nyuma kuja mbele, ziwe zako peke yako. Mwaka 1986 watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio ambamo wanafunzi waliandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza sana maishani. Mara tu baada ya kuandika, walioeleza hisia zao walijisikia vibaya zaidi. Miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika juu ya mambo ya kawaida. Tafiti za baadaye zimeonyesha faida ndogo zaidi, si muujiza, lakini njia yenyewe ni rahisi: weka saa, andika bila kufuta, usijali tahajia, taja lililotokea na ulivyolihisi, simama dakika 15 zikiisha. Usilisome siku hiyo. Na kama jambo lenyewe linakuzidi nguvu, funga daftari uzungumze na mtu unayemwamini au mtaalamu, karatasi haijibu.

Kutoka kwenye faharasa hadi makala yako

Baada ya miezi mitatu au minne, fungua kurasa nne za mwanzo uangalie mistari iliyojaa namba. Hapo utajiona. Mtu anayedhani anapenda siasa hukuta H-a ya haki haina kitu na P-e ya upendo imejaa, au kinyume chake. Mstari wenye nukuu sita au zaidi, kutoka vitabu visivyopungua vitatu, tayari una makala ndani yake. Zisome nukuu zote mfululizo, tafuta mbili zinazopingana, andika swali moja linalotokana na mgongano huo. Lijibu kwa maneno 500. Anza na kauli yako na nukuu zije kuisaidia. Makala iliyoanza kwa nukuu huishia kuwa mkusanyo wa nukuu. Iweke siku saba, irudie, kata angalau maneno 50.

Mwenye kazi ndefu zaidi ana pa kuipeleka. Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na washindi wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kupiga chapa. Hata kazi nzuri inaweza kukataliwa kwa kuzidisha maneno.

Kutunza

Mwisho wa kila mwezi piga picha kurasa zote kwa simu, ukianza na faharasa. Usiegemeze madaftari kwenye ukuta. Mchwa hupanda huko, na unyevu wa pwani huleta ukungu kwenye jalada. Ukiyatia kwenye mfuko wa plastiki, yatoe na kuyapeperusha kila baada ya wiki chache, yasije yakaota ukungu humo.

Daftari likijaa, usinakili yaliyomo kwenda jipya. Liandike I kwenye uti wake, jipya liwe II, kisha hamisha mistari ya faharasa iliyo hai tu, ukitanguliza namba ya daftari: S-u, I.37, I.90. Jioni mbili zinatosha kwa kazi hiyo.